Vyama vya Wanafunzi Ugenini

Wazazi wa huku kwetu Malolo, na wa vijiji vingine vya Kilosa, wapelekapo mtoto shule ya mbali huwa na hofu mbili. Ya kwanza ni fedha, nayo huisema wazi. Ya pili huisema kwa sauti ya chini: je, mtoto huyu atarudi akiwa wetu? Atalala nyumba moja na watu wa makabila mengine, atakula chakula cha wengine, na jioni, kazi ya darasani imalizikapo, nani atakayeketi naye? Hofu hiyo si ya kipumbavu. Basi tumeona vema kuandika habari za wanafunzi wa zamani waliokwenda kusoma katika nchi isiyo yao, tueleze walivyozitumia jioni zile. Masomo yao yameandikwa katika vyeti. Mambo ya jioni hayana cheti, lakini mengine yalizaa matunda makubwa kuliko masomo.

Ugenini wenyewe ulikuwa Makerere, kilima kilicho katika mji wa Kampala, Uganda. Mwaka 1922 serikali ilianzisha hapo shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wakajifunza useremala, ujenzi na kazi ya mitambo. Haukupita muda mrefu yakaongezwa mafundisho ya utabibu na ualimu. Kwa kuwa hapakuwa na chuo kingine cha namna hiyo katika Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, wa Tanganyika na wa Unguja nao wakapelekwa huko, kila nchi wachache. Mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu chini ya ulezi wa chuo kikuu cha London.

Tufikiri safari ya kijana wa upande wetu katika miaka ile. Atatoka Malolo, apite Mikumi, apite Ulaya (wageni hucheka wasikiapo kwamba Ulaya ni kijiji cha Kilosa, na kwamba mtu aweza kwenda Ulaya kwa miguu na kurudi), hata afike stesheni ya Kilosa. Hapo atapanda gari la moshi mpaka Tabora, na kutoka Tabora atashika njia ya Mwanza iliyofunguliwa mwaka 1928. Mwanza ataingia katika meli, labda Usoga au Rusinga, avuke ziwa hata bandari ya Port Bell, na huko ataona vilima vya Kampala. Ashukapo, watu wa nchi wanasema Kiganda, na chakula chao ni ndizi za kupikwa. Darasani ni Kiingereza tupu. Kiswahili chake, kilichomtosha tangu kwao hata ziwani, sasa hakimfikishi mbali. Mtu wa namna hiyo akimwona Mtanganyika mwingine, hata wa kabila asilolijua, humwona kuwa ndugu. Huko kwao labda wasingeamkiana.

Katika hali hiyo, miaka ya vita kuu ya pili, wanafunzi wachache wa Tanganyika walifanya chama chao. Waliokumbukwa sana ni watatu: Andrew Tibandebage, Hamza Mwapachu, na Julius Nyerere, aliyeingia Makerere mwaka 1943. Tazama mchanganyiko huo. Tibandebage alitoka upande wa magharibi ya ziwa, Mwapachu alikuwa mtu wa Tanga na Mwislamu, Nyerere alikuwa Mzanaki wa Butiama, Mkatoliki aliyebatizwa mwaka ule ule wa 1943. Kwao walitengwa na safari ya siku nyingi. Ugenini walikaa meza moja. Chama chenyewe kilikuwa cha kutafuta hali njema ya Waafrika wa Tanganyika, wala hakikuwa cha siasa. Vijana walikutana, wakaulizana habari za kwao, wakajadiliana watu wa nchi yao wanapungukiwa na nini.

Halafu wakatambua ya kuwa kwao kiko chama kingine cha namna hiyo, kikubwa kuliko chao. Ndicho African Association, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, ambacho baadaye kiliitwa Tanganyika African Association, yaani T.A.A. Basi hawakuona haja ya kuwa na vyama viwili. Wakaomba kuwa tawi la chama kile. Jambo hili laweza kupitwa haraka na msomaji, lakini sisi twaliona kubwa. Ni vijana wangapi, waliokwisha kujiandikia kanuni na kuchagua wakubwa wao, watakaokubali kukiacha chama chao ili wawe tawi la chama cha makarani na watu wa mjini ambao hawakufika kilima cha Makerere? Sisi tumeona vyama vya kijiji kimoja vikigawanyika kwa sababu ya kiti cha mwandishi.

Tusidhani kwamba kila jioni ilikuwa ya chama. Palikuwa na majadiliano, ambamo mmoja husimama kulitetea neno na mwenzake kulipinga, hata kama moyoni halipingi. Wazee wetu waweza kuuliza faida yake, kwa kuwa katika baraza ya kijiji mtu asemaye asiloliamini huitwa mwongo. Faida ni kwamba mtu hujifunza kuisikiliza hoja ya mpinzani mpaka mwisho wake. Nyerere alipenda sana mashindano hayo ya maneno. Alishughulika pia na chama cha wanafunzi Wakatoliki, katika nchi ambayo mashahidi wake waliuawa Namugongo mwaka 1886. Tena mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 22, aliandika maandiko marefu juu ya uhuru wa wanawake, akionyesha jinsi mke Mwafrika alivyolemewa na desturi za wanaume. Maandiko hayo yalikaa miaka mingi, hata yakapigwa chapa kuwa kitabu mwaka 2009.

Aliyaandika mahali gani? Katika chuo kisichokuwa na mwanafunzi mwanamke hata mmoja. Wanawake wa kwanza, 6 tu, waliingia Makerere mwaka 1945. Mpaka hapo neno kuu la chuo lilikuwa la kuwahimiza wanafunzi wawe wanaume kweli kweli; walipoingia wale sita likabadilishwa, likawa la kujenga kwa ajili ya wakati ujao. Kwa hiyo msomaji asomapo habari hizi za vyama vya zamani na kuona majina ya wanaume tu, ajue sababu. Mlango ulikuwa umefungwa. Na huku kwetu, ambako binti akifika darasa la mwisho la shule watu huanza kuuliza habari za mahari, hatuna haki ya kuwacheka watu wa Makerere.

Sasa turudi kwa ile hofu ya mzazi, tuitazame kwa habari za mtu mwingine. Sam Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Makerere palikuwa na mama wa Kiingereza, Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha uchoraji katika baraza ya nyumba yake, na baadaye mafundisho yake yakawa sehemu ya chuo. Ntiro akawa mwanafunzi wake. Je, alichora nini, mbali na kwao, mwenye kufundishwa na Mzungu? Alichora Uchagga: migomba, watu wakikata majani, watu wakilima pamoja, watu katika pombe na karamu. Hata alipokwenda London kusoma zaidi katika shule ya Slade, mkono wake ulichora mlima ule ule. Akarudi kufundisha Makerere, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 akatumwa London kuwa balozi. Twadhani kwamba kama angebaki Machame asingeuchora mlima huo hata kidogo, kwa kuwa mtu hatazami sana kilicho mlangoni pake kila siku.

Ugeni wa namna hii haukuwa wa Makerere tu. Huko London, mwaka 1925, Ladipo Solanke, mwanafunzi wa sheria kutoka Nigeria, pamoja na wenzake alianzisha chama cha wanafunzi wa Afrika Magharibi kilichoitwa kwa kifupi WASU. Shida yao kubwa ilikuwa ya kitanda. Wenye nyumba wengi walikataa kumpangisha mtu mweusi chumba, hata akiwa na fedha mkononi. Solanke akasafiri Afrika Magharibi tangu mwaka 1929 hata 1932, akikusanya mchango kwa machifu, wafanya biashara na watu wa kawaida, na mwaka 1933 chama kikafungua nyumba yake katika mtaa wa Camden. Humo walilala, wakapika vyakula vya kwao, wakacheza ngoma, wakapiga chapa gazeti lao. Kwame Nkrumah, aliyekuja kuwa mkuu wa Ghana, alikuwa mmoja wa viongozi wa chama hicho baada ya vita. Wazee waliochanga labda walidhani wanajenga nyumba ya kulala wageni.

Makerere, watu wa Kenya nao walikuwa na chama chao, na katika miaka ya 1950 mwenyekiti wake mmoja alikuwa Mwai Kibaki, aliyekuwa Rais wa Kenya tangu 2002 hata 2013. Mwaka 1952 wanafunzi wa chuo kizima walifanya mgomo kwa sababu ya chakula. Kiongozi mmoja, Abu Mayanja, akafukuzwa. Lakini Gavana Andrew Cohen akamsaidia kwenda kusoma Cambridge, ikawa adhabu yake imempandisha cheo. Wengine husema kugomea chakula ni jambo la aibu kwa wasomi. Sisi, tuliokula maharagwe yenye wadudu katika bweni moja ambalo hatulitaji, hatuwezi kulihukumu shauri hilo upesi hivyo. Tena mgomo ule ulionyesha kwamba Mganda, Mkikuyu na Mchagga waweza kukataa jambo moja siku moja.

Wale watatu wa chama cha Tanganyika walitawanyika kama ilivyo desturi ya wanafunzi. Nyerere alimaliza mwaka 1945, akaenda kufundisha shule ya Mt. Maria, Tabora, ambako Tibandebage naye alifundisha, na huko kazi ya T.A.A. ikaendelea. Mwaka 1949 Nyerere akaenda Edinburgh, na Mwapachu naye akasoma Uingereza. Aliporudi, Nyerere alifundisha Pugu. Aprili 1953 akachaguliwa kuwa mkuu wa T.A.A., na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Hatusemi kwamba TANU ilizaliwa Makerere. Hilo lingewanyima haki wazee wa Dar es Salaam waliokilea chama tangu 1929. Twasema kwamba mikutano ile midogo ya ugenini iliwapa vijana mazoea ya kusema sisi kwa maana ya nchi, si kwa maana ya ukoo.

Baadaye zamu ikageuka, wageni wakaja kwetu. Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwa mafundisho ya sheria, na mwaka 1964 kikahamia kilimani, mahali kilipo mpaka leo. Wakaja wanafunzi wa Uganda, Kenya, Malawi na nchi nyingine, na walimu kama Walter Rodney wa Guyana. Mwaka 1967 wanafunzi wa nchi mbalimbali wakafanya chama kiitwacho USARF, yaani chama cha mapinduzi cha wanafunzi wa Afrika, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni wa Uganda. Chama hiki hakikuwa cha chai na ngoma. Walisoma vitabu vigumu na kuvijadili, wakafanya mafunzo yao siku ya Jumapili (saa ambayo wengine wetu tulikuwa tukiimba), wakaenda kulima pamoja na wanakijiji, na mwaka 1968 baadhi yao wakavuka Ruvuma wakaone wenyewe nchi iliyokombolewa na FRELIMO. Mwaka 1969 wakaanza gazeti, wakaliita Cheche.

Jina hilo ndilo lililowaponza. Jina la Cheche lilifuata jina la gazeti la Lenin, na wakubwa wakasema kwamba laonyesha kana kwamba Tanzania yajenga ujamaa wa Kirusi. Mwezi wa Novemba 1970 gazeti likapigwa marufuku, na chama nacho kikafungwa, kwa hoja kwamba Umoja wa Vijana wa TANU watosha chuoni. Aliyekuwa Rais wa nchi wakati huo ni Nyerere, yule yule aliyekuwa amekitoa chama chake kidogo cha Makerere kiwe tawi la kikubwa. Lakini yeye na wenzake walikitoa kwa hiari yao wenyewe, na hawa waliambiwa. Tofauti hiyo si ndogo, na wanafunzi waliiona.

Hata hivyo hawakunyamaza. Mwaka 1971 gazeti jingine likatokea chini ya Umoja wa Vijana, likiandikwa na wengi wa wale wale, nalo liliitwa Maji Maji, jina ambalo hakuna aliyeweza kusema ni la Kirusi. Wageni walirudi makwao mmoja mmoja. Museveni alishika serikali ya Uganda mwezi wa Januari 1986.