Sungusungu na Shujaa wa Filamu Fupi
Filamu fupi tunazotumiana kwa simu hapa Gitega zina mtu mmoja anayependwa sana. Mwizi ameachiwa na polisi, naye anachukua panga na kutoa hukumu usiku. Ni muuaji, lakini tunamshangilia.

Historia ya jirani inatuonyesha mtu huyo vingine. Ukitoka Muyinga ukavuka mpaka wa Kobero na kufuata barabara ya malori, unafika Kahama, Tanzania. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi waliochoshwa na wezi wa ng'ombe waliunda sungusungu, jina la chungu weusi wenye kuuma. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale. Filimbi ikilia, wanaume walitoka. Nyerere aliwatetea, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili waweze kukamata watu.

Wizi ulipungua. Lakini sungusungu hao hao waliwafukuza wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi, na wengine waliuawa. Hapo ndipo filamu zetu zinapokwepa: mshukiwa ana hatia tangu dakika ya kwanza, basi nani amsikilize? Bashingantahe wa Burundi (sisemi hawakuwahi kula rushwa) walikaa mbele ya watu, wakasikiliza pande zote, ndipo wakaamua. Kikao kama hicho ni kigumu kukipiga picha kwa dakika kumi, nakubali.

Mimi ningeanza na bibi mmoja wa Kahama anayesikia filimbi, asijue inamlilia nani.