Kigoda cha pikipiki: historia ya chuma kinachobeba kazi yetu



Kwenye garaji za njiani utaona kigoda cha chuma kizee au cha mbao ngumu, kinachoinua pikipiki wakati makanika anafungua amotiseri za nyuma. Wengi wanafikiri ni kitu cha kubahatisha tu. Hapana, kina historia.

Pikipiki za zamani za Ulaya nyingi hazikuwa na amotiseri nyuma. Gurudumu lilifungwa moja kwa moja kwenye kadre, na bekiye ya kuinulia ilikuwa nyuma kabisa, karibu na ekseli. Kisha Vita Kuu ya Pili, viwanda vingi vilianza kushika gurudumu la nyuma kwa mkono unaopanda na kushuka, pamoja na amotiseri mbili. Mwaka wa 1950 Norton ya Uingereza iliingia mashindanoni na kadre ya namna hiyo. Sasa bekiye ilipaswa kuhama: ilitoka kwenye gurudumu, ikaenda katikati, chini ya kadre.

Kwetu, kazi ya chuma ilikomaa kwenye migodi. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906. Bwawa letu la Nzilo lilijengwa juu ya Lualaba mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili migodi ipate umeme. Mwaka wa 1967 Serikali ilichukua kampuni, ndiyo tunayoita Gécamines. Mwaka wa 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mtu anaweza kupoteza kazi, lakini ufundi wa kuunga chuma unabaki mkononi. Miaka ile ile pikipiki za bei nafuu za India na China zilizidi kuingia, na ufundi ule ukapata kazi kwenye parseli.

Mwaka wa 2017 familia za sehemu moja ya Kasulo, kule Kolwezi, zilihamishwa ili mgodi uzungushiwe ukuta. Ukihamishwa mbali na soko na shule, pikipiki inakuwa miguu yako na pia unga wa watoto. Lakini magunia na mashimo ya barabara vinaua amotiseri na kupinda bekiye. Ndipo watu wanapanga mawe chini ya motere. Jiwe likiteleza, pikipiki inamwangukia makanika mguuni.

Kigoda kizuri kinafuata somo la zamani: kibebe kadre, kisibebe mkono wa gurudumu wala tumbo la motere. Kikae nyuma ya motere, pale bekiye ya katikati inapofungwa. Miguu minne iachane kwa chini, na juu ufunge kipande cha mpira wa tairi ili chuma kisiteleze. Gurudumu la mbele lizuiwe kwa mbao. Weka ubao chini ya gurudumu la nyuma ili mkono usianguke. Fungua amotiseri moja, weka mpya, ndipo ufungue ya pili.

Kabla ya kufungua buloni hata moja, tikisa pikipiki kwa mikono miwili. Ikiyumba, shusha, panga upya.

Kazi njema, wandugu.