Theluji Inayorundikwa na Watu

Februari 1945, mjini Takada, pwani ya Bahari ya Japani, kina cha theluji kilifikia sentimita 377. Wenyeji walikuwa na dawa yao tangu enzi za mashogun: kila nyumba ilirefusha upenu wake upande wa barabara, penu zikaungana mtaa mzima, watu wakawa wanapita chini yake. Barabara yenyewe iliachiwa theluji iliyoporomoshwa kutoka mapaani. Magari ndiyo yaliyovunja utaratibu huo. Mwaka 1956 Japani ilitunga sheria ya kulinda usafiri wa barabarani katika maeneo ya theluji na baridi kali, na mitambo ya kufagia theluji ikaenea. Lakini greda haimalizi theluji, huihamisha tu. Inachokitoa katikati hukiacha kandoni, na rundo hilo hukua siku hadi siku likawa ukuta: humeza njia ya waenda kwa miguu, hubana magari, humficha mtoto anayetaka kuvuka.

Hapo ndipo upimaji ulipobaki nyuma. Vituo vya hali ya hewa hupima theluji iliyotulia uwanjani bila kuguswa. Ukuta wa kandoni kwa sehemu kubwa uliachiwa jicho la dereva. Hata mishale myekundu na myeupe inayoning'inia juu ya barabara za Hokkaido, kaskazini mwa Japani, huonyesha ukingo wa barabara ulipo, haisemi umemezwa kiasi gani. Skana ya leza inaweza kusema: hutuma mwanga, hupima muda wa kurudi kwake, na umbo la ukuta likilinganishwa na la barabara hiyohiyo wakati wa kiangazi, tofauti ndiyo theluji. Mwaka 2007 skana bora ya kufungwa juu ya gari iliuzwa takriban dola 75,000. Leo zipo za chini ya dola 1,000, zinazoweza kufungwa hata kwenye gari la doria.

Wapo watakaosema skana za bei nafuu hukosea, tena chembe za theluji zinazoanguka huzichanganya. Ni kweli, ila nukta zinazoelea hewani huchujwa, na kosa la sentimita chache halibadili uamuzi wa mtaa upi usafishwe kwanza pale ukuta ulipokula nusu mita. Pingamizi zito zaidi ni kwamba madereva wazoefu wanajua tayari. Wanajua, nami nauheshimu ujuzi wao. Lakini wanazeeka, na wanachokijua hakikuandikwa popote. Sapporo, jiji la karibu watu milioni 2 linaloangukiwa na takriban mita 5 za theluji kila msimu, haliwezi kupeleka malori ya kuzoa theluji mitaa yote kwa siku moja. Mkazi wa mtaa uliowekwa nyuma anastahili kuonyeshwa kipimo kilichoamua hivyo.