Entropia na Hesabu ya Kuni Katika Nchi ya Chai

Mnamo mwaka wa 1865 mwanachuoni wa Kijerumani, Rudolf Clausius, aliyekuwa akichunguza tabia ya joto katika mitambo ya mvuke, alitunga jina la entropia kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mgeuko, naye alikusudia kwa jina hilo kipimo cha jambo ambalo kila mpishi analijua bila ya kufundishwa, yaani kwamba joto hutoka penye moto likaenda penye baridi, wala halirejei kwa hiari yake. Wapo wanaolifasiri jina hili kwa neno machafuko, na tafsiri hiyo, ijapokuwa ina asili yake katika vitabu, humpeleka msomaji kwenye fitina na ghasia, mambo yasiyohusiana kabisa na boila la kiwanda. Mimi nachagua mtawanyiko, na sababu yake naiona dhahiri katika nchi ya Longisa.

Longisa imo katika kaunti ya Bomet nchini Kenya, kando ya barabara iendayo Narok, ukingoni mwa nchi ya chai. Ukipanda kuelekea Silibwet na Kapkoros, mahindi huipisha michai, na baada ya michai huja viwanda. Majani mabichi yaliyopimwa kituoni huletwa kwa lori, yakatandazwa juu ya mabirika marefu yanayopulizwa hewa ili yanyauke, kisha yakakatwakatwa, yakaachwa yageuke rangi, na mwisho yakakaushwa. Nyuma ya kiwanda utaona magogo ya mikaratusi yaliyopasuliwa na kupangwa chini ya mapaa yapate kukauka, kwani kuni mbichi hutumia sehemu kubwa ya moto wake kuyafukuza maji yake yenyewe. Kuni zilizokauka ndizo zinazolishwa boila, na mvuke wa boila ndio unaoitia joto hewa ya kukaushia.

Kilo moja ya chai iliyokwisha tengenezwa hutokana na kilo nne na nusu, au karibu na hapo, za majani mabichi. Zilizosalia ni maji, na maji hayo hayana budi kutolewa. Kuifanya kilo moja ya maji yanayochemka iwe mvuke mtupu kwataka megajuli 2.3 hivi, yaani zaidi ya mara tano ya nishati inayohitajika kuyatoa maji hayo hayo katika ubaridi wa barafu na kuyafikisha kwenye kuchemka. Basi nishati hiyo yote imekwenda wapi? Haikupotea hata chembe, maana kanuni ya kwanza ya ilimu ya joto inakataza. Imo katika hewa yenye unyevu inayotoka juu ya mabati ya kiwanda, ikaenea angani, na hapana mtu awezaye kuikusanya ili akaushe nayo majani ya kesho. Kiasi hakikupungua, ila kilichopungua ni uwezo wake wa kufanya kazi. Huo ndio mtawanyiko, na entropia ndiyo kipimo chake.

Aliyeichukua kanuni hii ya mtawanyiko na kuiweka mbele ya wanauchumi ni Nicholas Georgescu-Roegen, mzaliwa wa Constanța katika Romania mwaka wa 1906, aliyesomesha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Marekani, na ambaye kitabu chake juu ya kanuni ya entropia na uchumi kilitoka mwaka wa 1971. Hoja yake ni kwamba wanauchumi wa karne ya kumi na tisa waliiga mekanika ya Newton, ambamo mwendo waweza kwenda na kurudi na mambo yakawa kama yalivyokuwa, kwa hiyo vitabu vyao vikauchora uchumi kuwa duara tupu, fedha ikitoka nyumbani kwenda dukani, na kutoka dukani kurudi nyumbani. Nayo fedha, naam, huzunguka: chai inauzwa katika mnada wa Mombasa, malipo yanamfikia mkulima wa Bomet, bonasi inalipa karo na kununua mabati, na shilingi ile ile yaweza kupita mikono kumi. Lakini gogo lililochomwa halichomwi mara ya pili. Mwanafunzi wake, Herman Daly, aliyepata kufanya kazi katika Benki ya Dunia, alisisitiza kwa hivyo kwamba uchumi umo ndani ya mazingira, wala si mazingira yaliyomo ndani ya uchumi.

Yamkini msomaji atauliza: je, jua halituletei nishati mpya kila asubuhi? Latuletea, na hapa ndipo wanaotangaza kiyama kwa jina la entropia wanapokosea, kwa kuwa dunia si chungu kilichofunikwa. Georgescu-Roegen mwenyewe alivuka mpaka alipodai kwamba maada nayo ina kanuni yake ya namna hiyo, na wanafizikia hawakumkubalia. Swali la haki ni la kasi. Mkaratusi hukusanya jua kwa miaka kadhaa, na boila hulimaliza kwa saa chache. Kiwanda kinachokata miti mingi kuliko inayoota kinakula rasilmali na kuiandika kuwa ni faida. Wala kupanda mikaratusi zaidi si dawa isiyo na gharama, kwani mti huu hunywa maji kwa wingi, hata mwaka wa 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru uondolewe kandokando ya mito na vyanzo vya maji.

Na maji ya nchi hii hutoka msitu wa Mau. Nyangores, inayopita Bomet, na Amala, inayopita Mulot, hukutana zikawa mto Mara, unaoishia katika Ziwa Viktoria upande wa Tanzania. Mteremko uliovuliwa miti huupa mto udongo wake, na rutuba iliyokuwa imekusanyika shambani ikatawanyika majini. Kuirudisha, mkulima hununua mbolea iliyosafirishwa kutoka ng'ambo, ambayo naitrojeni yake aghalabu hutengenezwa kwa gesi asilia, yaani kwa nishati ya kale iliyotawanywa kwingine. Hesabu ya shilingi huiandika mbolea upande wa matumizi, nao udongo uliokwenda haiuandiki popote.

Kwa hiyo naomba istilahi zote mbili zitumike, kila moja mahali pake: entropia kwa kipimo, ambacho wanafizikia hukihesabu kwa juli kwa kelvini, na mtawanyiko kwa tendo lenyewe, ambalo mkulima aweza kulijadili katika mkutano wa wenye hisa bila ya mkalimani. Akishakuwa na neno hilo, ataweza kuuliza, kabla ya kuuliza bonasi, ni mita za ujazo ngapi za kuni zilizochomwa kwa kila tani ya chai, zilikauka kiasi gani kabla ya kutiwa motoni, mabomba ya mvuke yamefunikwa au yanapasha ukuta joto, na miti iliyopandwa mwaka huu ni mingapi kwa iliyokatwa.