Kadi Haijafika, Nyumbani Kuna Msiba: Historia ya Muhuri Unaokurudisha Marekani

Kuna kauli inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya Wabongo walioko Marekani: ukishaingia kule na viza ya uhamiaji, usithubutu kutoka mpaka grini kadi iwe mkononi. Ukitoka, umekwisha. Inasemwa kwa uhakika kabisa, utadhani aliyeisema ndiye aliyetunga sheria. Na ina bei yake, maana kuna siku mtu ataiamini na kumzika mama yake kwa video ya simu.

Chukulia dada mmoja wa Bunju B, jina tuliache kapuni. Kila Oktoba alikuwa anakwenda steshenari kujaziwa fomu ya bahati nasibu, anapigwa picha kwenye kitambaa cheupe, analipa, anarudi kupanda daladala. Watu wakamzoea, wakamcheka. Mwaka mmoja namba ikatoka. Akahojiwa, akapata viza, akapanda ndege. Wiki ya tatu akiwa Minneapolis na baridi yake, simu inaita saa tisa usiku: mama hayupo. Kwa Waislamu maziko hayasubiri ndege, hilo analijua. Lakini anaweza kuwahi kukaa na wenzake tangani na kuwepo kwenye arobaini. Kadi haijafika. Anacho kitu kimoja tu, pasipoti ya Tanzania yenye viza iliyogongwa muhuri uwanja wa ndege siku aliyoingia.

Je, asafiri? Sheria ya Marekani inamruhusu. Na sababu yake ni ya zamani kuliko hiyo kadi yenyewe.

Sisi Wabongo tungepaswa kulielewa hili haraka kuliko mtu yeyote duniani. Mnaikumbuka Januari 2020? Kila laini ya simu ilitakiwa isajiliwe kwa alama za vidole, mwisho ukiwa tarehe 20, na foleni za NIDA zilikuwa si mchezo. Wengi wetu tulisajili laini kwa namba tu. Kitambulisho chenyewe kilikuja baadaye sana, na wapo ambao mpaka leo wanaishi na namba. Hakuna aliyesema wewe si Mtanzania kwa sababu plastiki haijachapwa. Jina lilikuwa tayari liko kwenye daftari la serikali, na kadi ni picha tu ya kile kilichoandikwa humo.

Ukaazi wa Marekani unafanya kazi hivyohivyo. Hauanzi kadi ikifika posta. Unaanza pale ofisa wa uhamiaji anapokukubali mlangoni na kugonga muhuri.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria kali ya uhamiaji iliyogawa nafasi kwa nchi. Tanganyika, iliyokuwa chini ya Waingereza, ilipewa nafasi 100 kwa mwaka. Mia moja tu, nchi nzima! Ila ndani ya sheria hiyohiyo kulikuwa na kifungu ambacho watu hawakisemi: mhamiaji aliyekwishapokelewa aliruhusiwa kutoka kwa muda na kurudi, na kama alitaka uhakika aliomba kibali cha kurudia kwa dola 3, kikidumu mwaka mmoja. Grini kadi ilikuwa haijazaliwa. Watu walikuwa wakaazi halali, wanakwenda kuzika na kuoa makwao, wanarudi.

Kadi ilikuja kupitia mlango wa vita. Mwaka 1940, Ulaya inawaka moto, Marekani ikaamuru kila mgeni ajiandikishe posta na kutoa alama za vidole. Karibu watu milioni 5 walijiandikisha, kisha wakatumiwa risiti kwa barua. Baada ya vita wakaazi wa kudumu wakatengewa kadi yao ya peke yake, na ilikuwa ya kijani. Mwaka 1964 ikageuzwa kuwa ya bluu, lakini watu wakaendelea kuiita kijani. Rangi ya kijani ilirudi rasmi mwaka 2010 tu. Yaani kwa zaidi ya miaka 40 watu waliota ndoto ya kadi ya kijani ambayo haikuwa ya kijani.

(Babu zetu wangeshangaa kuona karatasi inapendwa hivi. Kwao kipande kilikuwa kadi ya kazi ya siku 30 kwenye mashamba ya mkonge. Bila siku kutimia, hakuna hesabu. Hakuna aliyejaza fomu steshenari kukiomba.)

Sasa kwenye muhuri wenyewe. Viza ya uhamiaji anayobandikiwa dada wa Bunju kwenye pasipoti si kibali cha kuingilia tu. Juu yake yamechapwa maneno yanayosema kwamba ikishagongwa muhuri wa kuingia, inakuwa uthibitisho wa muda wa ukaazi wa kudumu kwa mwaka 1. Mwaka mzima! Kwa mwaka huo anaweza kufanya kazi, kutoka nchini na kurudi, bila kuomba ruhusa ya mtu. Kadi inatumwa kwa posta kwenye anwani yake ya kule, mara nyingi ndani ya miezi mitatu, mradi ada imelipwa. Ada hiyo ilianza Februari 2013 ikiwa dola 165, na tangu Aprili 2024 ni dola 235. Asiyelipa hapoteza ukaazi, lakini kadi haichapwi, na mwaka wa muhuri unakatika kimyakimya huku yeye anasubiri sanduku la barua.

Aliyepata ukaazi akiwa tayari anaishi Marekani, tuseme kwa ndoa, hali yake ni tofauti kidogo. Yeye hana viza ya uhamiaji kwenye pasipoti. Kadi ikichelewa na safari imemkaba, anaomba ofisi ya uhamiaji ya kule imgongee muhuri wa muda kabla hajaondoka. Huyu ndiye kauli ya WhatsApp inamhusu: akiondoka bila kadi na bila muhuri, kurudi kwake ni kwa kusumbuka sana.

Kwa hiyo hofu ya watu inatoka wapi kama sheria iko wazi? Mimi naona inatoka kwenye kaunta ya ndege, siyo kwenye sheria. Sheria ileile ya 1924 iliweka faini ya dola 1,000 kwa chombo kinachomleta mtu asiye na viza, na juu yake kinarudisha nauli. Dola elfu moja za wakati ule! Tangu hapo kampuni za meli, na baadaye za ndege, zikageuzwa walinzi wa mpaka bila kuvaa sare. Kijana aliyesimama kaunta pale Terminal 3 si ofisa wa uhamiaji wa Marekani. Ni mfanyakazi anayeogopa faini. Amezoea kuona kadi. Akiona viza ambayo tarehe yake ya mwisho ya kuingilia imepita, mkono wake unasita, hata kama muhuri una uhai wa miezi kumi mbele. Hapo ndipo unapotakiwa kumwonyesha kwa kidole yale maneno ya mwaka 1, kwa upole, na akikataa umwombe msimamizi wake. Ufike mapema, ili mabishano yawe na muda.

Pasipoti yenyewe ndiyo ya kuogopea. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo mkaazi mpya bado ni Mtanzania na anasafiri na pasipoti yetu, yenye muhuri ndani yake. Ikiibiwa kwenye daladala la Makumbusho, vimeondoka viwili kwa mpigo: hati ya kusafiria na ushahidi wa ukaazi. Hapo ni kuanza upya Uhamiaji, halafu ubalozini Msasani. Piga picha ukurasa ule kabla hujatoka Marekani, na nakala ibaki kwa mtu.

Sisemi kwamba sheria ikishaandikwa basi imetulia. Ijumaa ya tarehe 27 Januari 2017 Trump alisaini amri ya kuzuia watu wa nchi saba, Somalia ikiwemo. Wenye grini kadi kamili, siyo muhuri, wakajikuta wamezuiwa viwanjani, wengine waliondoka walikotoka kabla amri haijasainiwa. Ilichukua siku kadhaa serikali kutamka wazi kwamba wakaazi wa kudumu hawahusiki. Miaka mitatu baadaye, tarehe 31 Januari 2020, zamu ikawa yetu: Tanzania na Sudan zikafungiwa viza za bahati nasibu, mpaka Biden alipofuta amri hiyo tarehe 20 Januari 2021. Waliokuwa wameshapata viza hawakuguswa. Waliokuwa wanasubiri usaili ndio walioumia.

Na kadi haikuwaokoa watu, lakini kukosa karatasi kabisa ni kubaya zaidi. Waulize wazee wa Karibi walioingia Uingereza kuanzia 1948. Sheria iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1973 iliwatambua kuwa wakaazi halali bila kuwapa karatasi yoyote. Mwaka 2010 kadi zao za kushukia melini zikateketezwa na serikali yenyewe. Wapo waliokwenda makwao kuzika au kusalimia, na wakazuiwa kurudi kwenye nchi waliyoishi tangu utotoni. Kashfa ilipolipuka mwaka 2018, waziri wa mambo ya ndani alijiuzulu.

Nadhani hata ile kauli ya WhatsApp ina ndugu yake huko London. Kwa miaka mingi aliyepewa kibali kirefu cha Uingereza aliingia na stika ya muda mfupi kwenye pasipoti, kisha kadi akaichukue posta. Stika ikiisha ukiwa Dar na kadi hujaichukua, ilibidi uombe ruhusa nyingine kwanza. Kwa hiyo shangazi wa London akisema usitoke kabla ya kadi, kwao alikuwa sahihi. Ushauri wake ukavuka bahari na kutua kwa mtu wa Minneapolis.

Sasa hata London hiyo kadi haipo tena. Karibu zote ziliisha muda tarehe 31 Desemba 2024, na ushahidi ukahamia kwenye akaunti ya intaneti. Kaunta za ndege zikachanganyikiwa, na serikali ikalazimika kukubali kadi zilizokwisha muda zitumike kusafiria mpaka Juni 2025, huku ikiwaambia wenyewe wasizitupe.