Danielle Angeolewa na Nani?

Tabia ya kuwaozesha watu ambao hawajapata kuzaliwa ni ya zamani kuliko televisheni. Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, aliyekatwa kichwa mwaka 1649, alikuwa na nakala yake mwenyewe ya tamthilia za Shakespeare, iliyopigwa chapa mwaka 1632. Penye jina la tamthilia iitwayo Much Ado About Nothing, mfalme huyo aliandika kwa mkono wake majina ya wahusika wawili, Benedick na Beatrice, wale wanaotupiana maneno makali tangu mwanzo mpaka siku wanapooana. Huko Marekani nako, Louisa May Alcott alipotoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake Little Women mwaka 1868, wasichana walimwandikia barua wakitaka Jo aolewe na Laurie, kijana wa jirani. Mwandishi alikataa. Katika sehemu ya pili, mwaka 1869, Jo alikwenda kwa profesa wa Kijerumani aliyemzidi umri, na wasomaji wengine hawajamsamehe Alcott mpaka leo.

Basi anayedhani kwamba ubishi wa mashabiki juu ya nani ampende nani ni upuuzi ulioletwa na televisheni, na afikiri tena. Mimi naamini ubishi huo una kazi yake. Watu wanapobishana juu ya mapenzi ya wahusika wa mchezo, huwa wanatunga sheria. Wanaamua penzi lipi ni halali na lipi ni haramu, na wanaamua hayo bila kumtaja jirani kwa jina.

Niliuona ukweli huo katika miaka ya 1980, nilipokuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu nchini Kenya. Televisheni ya chuo iliwekwa bwaloni, juu ya kabati lenye kufuli, na funguo alikaa nazo mwalimu wa zamu. Sauti ya Kenya ilikuwa ikionyesha vichekesho vya Kiingereza vilivyoitwa Mind Your Language, na hapakuwa na kipindi kilichojaza viti vya bwalo lile kama hicho. Sababu yake si ngumu kuijua. Wanachuo wetu walikuwa wakisomea ualimu, na mchezo wenyewe ulihusu mwalimu.

Kwa wasioufahamu, nitaueleza kwa ufupi. Uliandikwa na Vince Powell, na kituo cha London Weekend Television kikaanza kuuonyesha tarehe 30 Desemba 1977. Bwana Jeremy Brown, kijana ambaye hajaoa, aliyeigizwa na Barry Evans, amepata kazi ya kufundisha Kiingereza madarasa ya jioni jijini London. Wanafunzi wake ni watu wazima waliotoka nchi mbalimbali: Giovanni Mwitaliano, Max Mgiriki, Juan Mhispania, Anna Mjerumani, Ali wa Pakistani, Ranjeet Kalasinga, Jamila wa India, Su-Lee Mchina asiyeachana na kitabu chekundu cha Mao, na Taro Mjapani. Juu yao yuko mwalimu mkuu, Bibi Courtney, ambaye tangu mwanzo alitaka aletewe mwalimu wa kike. Na mbele darasani ameketi Danielle Favre, Mfaransa, ambaye macho yake hayako ubaoni bali kwa mwalimu. Aliyemwigiza, Françoise Pascal, alizaliwa Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii ya Hindi.

Kipindi kikiisha, televisheni ilifungwa lakini midomo haikufungwa. Wanachuo waligawanyika makundi. Wengi walitaka Danielle aolewe na Brown. Kwao hilo halikuwa na mjadala, mzuri kampata msomi. Kundi la pili lilimtetea Giovanni. Lilisema kwamba Giovanni na Max walimhangaikia Danielle waziwazi, na mtu ahangaikaye astahili kitu. Tena Giovanni ni mpishi, na nyumba yake haitalala njaa. Kundi la tatu, la vijana waliotoka katika nyumba za wakulima, lilishangaa kwa nini Brown hamwoni Anna. Yule Mjerumani, walisema, ni mwanamke wa kazi. Danielle atakuwa mzuri mpaka siku ya palizi.

Su-Lee na Taro waligombana kila walipokutana, huyu akisifu mapinduzi na yule akisifu biashara. Kundi moja liliapa kwamba hao wataishia pamoja, maana wagombanao ndio wapatanao. Naye Bibi Courtney alitafutiwa mume na wavulana kila wiki, mpaka wakufunzi wenzetu wa kike wakachoka. Mmoja wao aliuliza kwa nini mwanamke akiwa mkuu wa shule lazima aonekane ana upungufu mpaka apate mume, ilhali hakuna aliyewahi kumtafutia mke mkuu wa chuo chetu, ambaye alikuwa mjane. Swali hilo lilituliza wavulana kwa majuma kadhaa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulisikia hata mara moja. Hakuna aliyemwozesha Jamila. Alikuwa mwanamke mwenye haiba, lakini mchezo ulikwisha kutuambia kwamba ana mume. Mke wa mtu ni sumu, hata akiwa ni picha tu kwenye kioo. Hakuna mkufunzi aliyetoa amri hiyo. Watazamaji waliileta wenyewe kutoka makwao, na kila mmoja aliitii katika mzaha kama angeitii kijijini. Hapo ndipo nilipoanza kuusikiliza ubishi ule kwa makini zaidi.

Jioni moja, baada ya kipindi ambacho Danielle alimsogelea Brown kuliko siku zote, kundi kubwa lilikuwa likishangilia harusi kama kawaida. Msichana mmoja wa mwaka wa pili, mpole, ambaye hakuwa msemaji, akauliza: na kama Brown ndiye anayemtaka, na Danielle hamtaki, karatasi yake ya mtihani itasahihishwa na nani?

Bwalo likanyamaza. Wakufunzi wanne tulikuwa tumekaa nyuma, na tulijua kwa nini kumenyamaza. Wanachuo wale walikuwa watu wazima kama Danielle. Na sisi ndio tuliokuwa tukienda kuwatazama katika mazoezi ya kufundisha, tukiwa na fomu na kalamu, na alama yetu moja ingeweza kumrudisha mtu kwao bila cheti. Mmoja kati ya wanne sisi alikuwa na sifa ambayo kila bweni la wasichana liliijua. Alisimama, akasema ana daftari za kusahihisha, akaondoka.

Tangu jioni ile ubishi ulibadilika. Kundi la harusi halikufa, ila lilianza kuweka masharti. Wengine walisema Brown angoje mpaka Danielle amalize masomo. Wengine walisema ahame, akafundishe shule nyingine, ndipo apeleke posa. Kijana mmoja alishikilia kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, kwa hiyo hakuna sharti litakalofaa. Akajibiwa kwamba mwenye kikohozi hukaa mbali na wenzake mpaka apone. Somo la maadili ya kazi lilikuwa katika ratiba yetu, na wanachuo waliliandika katika madaftari yao kwa mwandiko mzuri na kulijibu vizuri katika mitihani. Lakini bwaloni ndipo nilipowasikia wakilitafuta wenyewe.

Nilipata kusoma baadaye kwamba swali la msichana yule lilikwisha kuusumbua mji wa London miaka mingi kabla. Tamthilia ya George Bernard Shaw iitwayo Pygmalion ilionyeshwa kwanza Vienna mwaka 1913, kisha London mwaka 1914. Nayo inahusu mwalimu wa lugha na mwanafunzi wake. Profesa Higgins amchukua Eliza, msichana muuza maua, akaweka dau kwamba atamfundisha kusema Kiingereza cha wakubwa mpaka aweze kupita kama mke wa lodi. Anafaulu. Lakini Eliza anamuuliza swali ambalo profesa hakulitarajia: sasa yeye atakuwa nani, na ataishi vipi? Mwishoni anaondoka.

Watazamaji hawakutaka aondoke. Walitaka harusi. Hata mwigizaji aliyekuwa Higgins, Herbert Beerbohm Tree, alianza kumrushia Eliza maua kabla pazia halijashuka, ili watu waende nyumbani wakiamini kwamba wawili hao wataoana. Shaw alikasirika sana. Mwaka 1916 aliongeza maelezo marefu mwishoni mwa kitabu akieleza kwamba Eliza aliolewa na Freddy, kijana maskini aliyempenda, na akatoa sababu zake. Haikusaidia. Filamu ya mwaka 1938 ilimrudisha Eliza nyumbani kwa Higgins, na mchezo wa nyimbo uliotokana nayo, My Fair Lady, wa mwaka 1956, ukamrudisha tena.

Kwa nini watazamaji wa London walikazana vile? Nadhani ni kwa sababu harusi husamehe mengi. Higgins alimtukana Eliza, alimwamrisha, na kumfanya kitu cha majaribio. Wakioana, yote hayo yatageuka kuwa uchumba. Wasipooana, mtazamaji anabaki na mwalimu aliyemtumia mwanafunzi wake, na hilo si jambo la kwenda nalo nyumbani kulala. Shaw aliliona hilo, na msichana wetu aliliona vilevile bila kumsoma Shaw.

Mind Your Language haukuwa mchezo usio na lawama. Kila mgeni alichorwa kwa kichekesho kimoja cha taifa lake, akakirudia kila wiki. Michael Grade, mmoja wa wakuu wa kituo kile, aliuona kuwa unawadhalilisha watu, akauondoa mwaka 1979, baada ya vipindi 29. Ulirudi mwaka 1986 kwa vipindi 13, na Danielle hakuwamo. Wanachuo wetu waliliona kosa hilo kwa njia yao. Walisema kwamba katika wanafunzi wote wakuu wa Brown hapakuwa na Mwafrika hata mmoja, wakabishana kama wamshukuru Powell au wamlaumu. Wahindi nao waliutengeneza upya kwa Kihindi mwaka 1993, wakauita Zabaan Sambhalke, wakiwaweka watu wa majimbo yao katika darasa moja.

Mimi niliondoka chuoni nikawa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, nikaikuta kazi ambayo haikuwa mchezo tena. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa ni ile ile: msichana apatapo mimba anafukuzwa, na mwalimu anahamishwa, akaanze upya kwenye darasa jingine. Nimekaa ofisini na wazazi wakiangalia sakafu, huku wazee wa pande mbili wakipanga mahari ili jambo liishe. Lilikuwa ni lile lile la watu wa London na maua yao. Waliozeshwe, yasemwe mapenzi, tusiulize mengine. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Ndiyo sababu walimu vijana walipoletwa kwangu kwa mazoezi ya kufundisha, sikuanza kwa kuwasomea kanuni. Niliwaandalia chai, nikawauliza kama wanamkumbuka Mwalimu Brown, na Danielle angeolewa na nani. Walicheka, walishindana, kila mmoja akatoa kundi lake. Kisha niliwauliza la karatasi ya mtihani. Nilimtazama kila mmoja usoni alipokuwa akitafuta jibu, na yule aliyeendelea kucheka nilimpangia vipindi karibu na ofisi yangu.

Sheria ilichelewa, lakini ilikuja. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 inawataja wazi mwalimu mkuu, mwalimu na mfanyakazi wa shule atumiaye cheo chake kumshawishi mwanafunzi, na kifungo chake hakipungui miaka 10. Mwaka 2010 Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilitoa waraka wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Nilipousoma waraka huo nilimkumbuka yule msichana wa bwaloni. Nilikuwa nimepata habari zake: alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye watoto wake na darasa lake.

Wajukuu wangu sasa wanautazama mchezo ule kwenye simu, na nawasikia wakiwaozesha wahusika upya. Wana makundi yao, na hawaulizi babu alikuwa kundi gani. Nawaacha wabishane. Vince Powell hakumwozesha Danielle kwa Brown, wala kwa Giovanni, wala kwa Max, na kwa kutofanya hivyo alituachia swali ambalo harusi ingelifunika. Swali lililoachwa wazi huingia katika nyumba nyingi, na kila nyumba hulijibu kwa sheria zake. Ningependa tu kwamba katika kila nyumba pawepo mmoja, hata akiwa mpole na si msemaji, wa kuuliza ni nani atakayesahihisha karatasi.