Waliochungulia Nyuma ya Jicho

Mwaka 1801, huko Pavia, Italia, Antonio Scarpa alipasua jicho la maiti akakuta ukuta wake wa nyuma umetuna. Aliandika alichokiona, bila kukihusisha na watu wasioona mbali. Nusu karne ikapita. Ndipo Ferdinand von Arlt, naye akipasua maiti, alipoonyesha kwamba jicho la mtu asiyeona mbali limerefuka.

Kwa mtu aliye hai, ndani ya mboni kulikuwa giza tupu hadi mwaka 1850, Hermann von Helmholtz alipotengeneza oftalmoskopu, kifaa kidogo kinachopeleka mwanga ndani na kumwezesha daktari kuchungulia. Sasa maradhi yakaonekana. Jicho la mtu mzima kwa kawaida lina urefu wa milimita 24 hivi. Likipita 26, retina, utando unaopokea mwanga, huwambwa kama ngozi ya ngoma: hukonda, huweza kuchanika, na mishipa dhaifu ya damu huweza kuota chini yake. Miwani husaidia kuona mbali, lakini haipunguzi urefu wa jicho.

Ninayemheshimu kuliko wote ni Jules Gonin wa Lausanne. Zamani retina ikibanduka, mgonjwa alihesabiwa kipofu. Gonin alishikilia kwamba chanzo ni tundu kwenye retina, na tundu hilo lazima lizibwe. Wengi walimpinga. Aliendelea kulitafuta kwa subira, akilichora mahali lilipo, kisha akiliziba kwa chuma cha moto. Mwaka 1929, kwenye mkutano wa Amsterdam, wenzake walikubali.

Lulimba, mashariki mwa Kongo, iko mbali na vyumba vya upasuaji wa macho kama cha Gonin. Barabara ya kwenda Bukavu hupita Fizi, Baraka na Uvira, na vita vimeifanya safari kuwa ya hatari. Huduma za afya zimeelemewa na malaria, kipindupindu na majeruhi; macho hungoja. Lakini dalili za retina kuchanika hazihitaji mashine: cheche za mwanga, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea ghafla, kivuli kama pazia kinachoshuka upande mmoja. Hazina maumivu, ndiyo maana watu hukawia. Ndugu mwenye miwani mizito, ukiona hayo, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, uombe barua ya kupelekwa kwa daktari wa macho.